Nilipokaa Kiti cha Shangazi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Watu wa redio wamekuja hapa Kimandolu kumhoji Koko, mama yake baba. Wanaandaa kipindi kuhusu maisha yake. Ndiye nesi aliyeanzisha vikundi vya mazungumzo kule kituo cha afya cha Levolosi, kwa watu waliozidiwa na huzuni. Mtu anaeleza amegombana na nani, au amempoteza nani. Kisha Koko anakaa mbele yake kama ndiye huyo mume au mama mkwe, na mgonjwa anajaribu maneno kabla ya kwenda kuyasema nyumbani. Wengi wamepona hivyo.

Mtangazaji akamuuliza ana watoto wangapi. Wawili, akasema. Akaomba wazime mashine.

Baba ni mmoja. Wa pili ni Shangazi Silantoi, ambaye hajakanyaga hapa tangu mazishi ya Babu. Yeye ndiye aliyemuuguza, peke yake. Babu alikata roho Koko akiwa kikundini.

Jumatano, 18 Juni

Koko amempigia Shangazi simu. Atakuja Jumapili baada ya ibada!

Kisha Koko akavuta kiti. "Kaa hapa. Wewe ni Silantoi."

Nikakaa. Akasema polepole kwamba alijificha kwa wagonjwa wa watu kwa sababu aliogopa kumkabili wa kwake, Babu. Kwamba aliniacha peke yangu. Nimsamehe.

Nikajibu: nimekusamehe, Mama.

Koko akacheka. "Silantoi gani huyo, kalishwa asali? Nikasirikie."

Nikashindwa. Kila asubuhi namwamkia kwa kumwinamishia kichwa akiguse, halafu nimfokee? Tukarudia. Nikasamehe tena.

Ijumaa, 20 Juni

Ameniomba tena tujaribu. Nikasema nina kazi za shule. Shule zimefungwa, naye anajua.

Jumapili, 22 Juni

Niko jikoni. Mlango wa sebuleni uko wazi.

Shangazi amefika. Niliinama, akanigusa kichwa bila kuniangalia. Koko akaanza maneno yake, yaleyale, vizuri kabisa. Hakufika mbali.

"Mama, hayo ni ya kikundini. Mimi si mgonjwa wako." Sauti yake ilikuwa ndogo, mbaya kuliko kufoka. "Baba alikuulizia asubuhi ile. Nikamwambia umetoka kidogo, unarudi. Akawa anaangalia mlango. Mpaka mwisho, Mama, anaangalia mlango."

Koko akanitazama mimi.

Sikuweza kumwangalia. Aliniomba hasira, nikampa adabu. Sasa hasira yenyewe imekuja na hakuifanyia mazoezi. Nikakimbilia huku kuchemsha chai.

Nilidhani Shangazi atachukua mkoba wake. Nimechungulia: bado amekaa, mkoba uko sakafuni.

Sasa anaongea.

"Anza tena, Mama. Ila usiseme vizuri."

Koko anapumua kwa nguvu. Nimezima jiko ili nisikie.