Huko Sote Tutakuwa Wageni

Kambini, 3 Februari

Mke wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na uzikung'ute kwanza maana zimetoka kwenye vumbi. Hujambo? Kibibi hajambo? Kikohozi chake kimekwisha? Mimi ni mzima, mashine ya kuchimbia visima ni nzima, na dereva wa lori la mafuta atakayekuletea barua hii ni mzima pia, ingawa analalamikia mgongo. Simu huku imegeuka tochi tu. Mtandao haupatikani hata ukipanda juu ya mashine.

Tangu nirudi kazini naiwaza ile asubuhi ya kuondoka. Kibibi alipobeba viatu vyangu, kimoja kimoja, akaviweka nje ya mlango, akanipungia mkono na kusema, "Kwaheri mgeni," mbele yako nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia bomba ili usinisikie nikilia. Binti yangu mwenyewe, wa miaka miwili, ananiaga kama fundi aliyemaliza kurekebisha sinki.

Simlaumu. Pale nyumbani yeye ndiye mwenyeji, anajua kila kikombe kinakaa wapi, na mimi ndiye ninayeuliza. Basi nimewaza hivi: likizo yangu ya mwisho wa Aprili tusikae nyumbani. Twende ziwani, sote watatu. Hatujawahi kwenda popote tangu azaliwe. Huko hakuna mwenyeji, sote tutakuwa wageni, sote tutauliza choo kiko wapi. Labda tukianzia pamoja atanizoea.

Mchana mashine ikinguruma huwa naota macho wazi. Naona maji mapana, wewe umekaa kwenye mkeka, mtoto amenishika kidole. Mawimbi yanakuja na kurudi bila sauti. Nijibu upesi, dereva anapita huko kila baada ya siku kadhaa.

Ni mimi mumeo,
Baba Kibibi

*

Nyumbani, 16 Februari

Baba Kibibi,

Salamu zako zimefika, na vumbi lake nimelifagia. Sisi hatujambo. Kikohozi kimeondoka, kimeacha deko. Wewe je, unakula vizuri? Dereva anasema umekonda, lakini yeye kila mtu kwake amekonda.

Kwanza nikucheke kidogo. Unajua maana ya kusafiri na mtoto wa miaka miwili? Mwanao halali bila feni, hata kukiwa na baridi, maana anataka ile sauti. Hali ila kwenye sahani ya njano. Akiona ngazi lazima azipande, akifika juu analia ashushwe, akishushwa anazipanda tena. Hiyo si likizo, mume wangu, huko ni kuhama.

Pili nikwambie kwamba nimekubali. Nilikusikia bafuni siku ile. Bomba letu halina kelele nyingi kiasi hicho.

Mwenzangu wa zamu ya alfajiri pale kwenye kiwanda cha mikate aliwahi kwenda ziwani na wanawe. Tunapokanda unga hunisimulia: nyumba ya wageni yenye baraza ndefu, mbele yake mchanga, kisha maji yasiyofika hata magotini, unatembea, unatembea, na bado ni magotini. Nimemsikiliza mpaka unga ukanikauka mikononi. Nimeshazungumza na mama mwenye nyumba hiyo, ametuwekea chumba cha mwisho, kinachotazama maji. Sasa nina kazi ya kumzoesha mtoto kulala kusiko kwake. Tutafanya mazoezi.

Wako,
Mama Kibibi

*

Kambini, 1 Machi

Mama Kibibi wangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, na leo ni mzima kupita kiasi. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Kambi nzima sasa inasafiri nasi. Mpishi anashauri tumpake mtoto mafuta mazito, jua la ziwani lina hila. Msimamizi wetu, ambaye hana mtoto wala hana mpango, ndiye mwenye ushauri mwingi kuliko wote. Anasema nisimbebe siku ya kwanza, nijifanye nina shughuli zangu. Nimemwambia mimi sikuja duniani kujifanya.

Nina maswali. Anaogopa maji mengi? Akishikwa mkono hupenda mkono gani? Analia akisikia mtu akikohoa? Maana mimi hukohoa asubuhi. Na ukimuuliza baba yuko wapi, anasemaje? Hilo la mwisho ukiona halifai kujibiwa, liache.

Mumeo,
Baba Kibibi

*

Nyumbani, 14 Machi

Mume wangu,

Shikamoo nikupe leo, maana umezeeka kwa mawazo. Sisi wazima. Nakuombea na wewe afya na usingizi.

Mazoezi yameanza. Ijumaa nilifunga mabegi, tukatoka mlango wa mbele, tukazunguka nyumba, tukaingia kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia tumefika ziwani. Nikatandika godoro sebuleni chini ya dirisha, bila feni. Alilala kwa shida, ila alilala. Asubuhi nilipoamka hakuwepo pembeni yangu. Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwanga umejaa mle ndani, na vumbi la unga wa nguo zangu za kazi linaelea. Akauliza, "Ziwa liko wapi?" Nikanyoosha kidole kulekule jikoni. Akatazama muda mrefu sana. Akasema, "Kubwa."

Basi tangu siku hiyo tunaishi ziwani. Akitaka kikombe ananiambia nimtolee majini. Juzi nimejikuta napandisha gauni nisilowe nikienda kuzima jiko. Usinicheke.

Na wewe upo. Nimeweka koti lako la zamani kwenye kiti na kumwambia huyu ni baba, tumekuja naye. Analilisha mkate. Analiambia lisiende mbali. Ninachoogopa, na nakwambia wazi, ni apende koti halafu amkatae mtu. Ukimuuliza baba yuko wapi, anaonyesha kiti.

Maji haogopi. Hushikwa mkono wowote, mradi ni yeye aliyekushika.

Wako,
Mama Kibibi

*

Kambini, 11 Aprili

Mke wangu,

Hamjambo? Mimi naendelea.

Kichwa cha mashine kimenasa chini kwenye mwamba, na hakuna ajuaye kitatoka lini. Likizo yangu itabidi isogezwe. Nendeni nyie. Chumba kimeshawekwa, na mtoto ameshazoea godoro. Huenda hata ni afadhali. Nimewaza: nyumbani akinikataa nina sababu ya kujipa, kwamba ni nyumbani kwake. Huko je, akinikataa mbele ya maji yote yale, nitajipa sababu gani? Muachie koti.

Nisamehe kwa ufupi, dereva ananipigia honi.

Mumeo

*

Nyumbani, 19 Aprili

Baba Kibibi,

Salamu zipo. Afya zipo. Nina hasira, kwa hiyo soma hii ukiwa umekaa.

Dereva wako ni mtu mwema na hajui kuficha. Nimempa maji ya kunywa, nikampa pole kwa mwamba, akaniuliza mwamba gani. Kichwa cha mashine kilitoka kesho yake tu baada ya kunasa. Msimamizi alikuruhusu, na wewe mwenyewe ukamwambia ampe mwingine zamu ya likizo. Ukakisingizia chuma kisichoweza kujitetea.

Mume wangu, unadhani mimi siogopi? Nikimbeba na kumpokea kila akikukimbia, mimi ndiye ukuta anaojificha nyuma yake. Nimechoka kuwa ukuta. Nataka siku moja nikae mbali, niwatazame nyie wawili, nisiwe na kazi yoyote.

Sisi tunaondoka tarehe ishirini na sita. Koti nimelifua, nimelitundika kabatini, na mlango wa kabati nimeufunga. Alilia kidogo. Nikamwambia baba haji kwa kabati, anakuja kwa lori. Sasa shauri yako kunifanya mwongo.

Nakupenda, hata hivi.
Mama Kibibi

*

Nyumba ya wageni, mapokezi, 28 Aprili
Apewe mchimba visima, akitokea

Mume wangu,

Kama unasoma hii, karibu, na pole na safari. Kama husomi, basi naandika kwa ajili ya moyo wangu.

Tupo wazima. Ziwa lenyewe lilimchanganya. Alilitazama, akanigeukia, akauliza jikoni kuko wapi. Usiku halali mapema, sauti ya mawimbi anadai ni feni ya mtu mwingine. Lakini anacheka hata usingizini. Mimi nimekaa tu, nimeota jua, siamini kwamba mikono yangu haina unga.

Saa za jioni tunakuwa mchangani mbele ya baraza. Ukifika usituite, wala usije umekunjua mikono. Kaa chini pale pakavu, ufanye lako. Nikikuona nitajisogeza barazani taratibu, hapo karibu ambapo namwona, ili asiwe na pa kujificha. Baada ya hapo sijui. Hakuna anayejua.

Wako,
Mama Kibibi

*

Mchangani, 29 Aprili
Nyuma ya karatasi yako, kwa penseli. Anakuletea mama anayefagia

Mke wangu wa barazani,

Salamu nyingi kutoka hapa chini unaponiona. Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto.

Msimamizi alinirudishia likizo, nikaja kwa lori, nikakaa kama ulivyosema. Nilikuwa sijui mikono niiweke wapi, basi nikaanza kuchimba. Najua hukusikia kitu kutoka huko, kwa hiyo nakueleza. Alipogeuka na kukuona umeshaondoka, alisimama. Alitazama baraza, akanitazama mimi. Nikaendelea kuchimba. Akaja mpaka ukingoni mwa shimo, akauliza, "Wewe nani?"

Nilikuwa na majibu ya miezi mitatu. Nikamwambia mimi ni mchimbaji.

Akasema, "Chimba."

Nikachimba mpaka maji yakaanza kutoka pembeni. Aliyashangaa, akatumbukiza mguu, kisha wa pili, akakaa shimoni kama kwake. Akaniuliza nani kayaweka humo, nikasema yalikuwepo, tulikuwa tunayatafuta. Kisha akaegemea hapa kwenye mguu wangu, na hiyo ndiyo hali unayoiona.

Ndiyo, amelala. Ndiyo, chakula kinapoa, mama anayefagia ameniambia. Kula wewe. Mguu umekufa ganzi tangu kitambo, na jua linaingia majini, na nimelowa mpaka kiunoni. Nakuomba kitu kimoja tu, mke wangu. Usije kumchukua.

Baba Kibibi