Kivuli cha Mnazi wa Athmani

Kaka Athmani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini Mama alitufunza kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amelala, nami sitaki kuanza leo kukosa adabu.

Nakuandikia nikiwa nimeketi mlangoni pa jikoni, hapa hapa kwetu Mambrui, na ua wote umejaa jua. Jua jingi, Kaka, kuliko ulivyoliacha. Hilo jua ndilo nililotaka kukueleza, na naona vigumu kulianza.

Tangu ututoke nimekuja kujua kwamba wewe ndiwe uliyekuwa stima ya nyumba hii. Usicheke. Nilipokuwa nikifua mashuka ya wageni kule hotelini Kikambala, nilikuwa nikipiga simu kuuliza kama stima ipo, na Mama akinijibu, "Haipo, lakini Athmani yupo." Basi nami natulia. Sikujua kwamba kila ilipopotea ulipanda pikipiki ukaenda pale kwenye mizani ya samaki, kazini kwako, ukarudi na gunia la barafu, ukaizika dawa ya Mama ya sukari ndani ya ndoo. Mama akinung'unika kwamba sindano yake yanuka changu. Nawe ukimwambia, "Basi Mama, leo umekula samaki asiye na miiba."

Kisha moyo wako ukasimama, pale pale kwenye mizani, na barafu ikakoma kuja. Nikaacha mashuka ya watu nikarudi kukaa na Mama.

Mvua za masika zikaja na upepo wake, stima ikapotea usiku, mchana, na usiku wa pili, na wiki baada ya wiki ikawa hivyo hivyo. Friji ikanyamaza, ikawa kabati la kawaida. Kila iliporudi tulishukuru tukaendelea na mambo yetu. Ile dawa, Kaka, ikiharibika haisemi. Haigeuki rangi wala harufu, ni maji matupu yale yale. Mama akawa anajidunga dawa isiyo na nguvu, na sisi tunamshangaa mbona anakunywa maji hivi. Asubuhi moja nikamkuta kitandani ulimi umemlegea, ananiita kwa jina lako. Nikaitika. Ningefanya nini? Niliitika "Naam, Mama" kwa sauti nene mpaka gari lilipofika.

Daktari wa Malindi aliniuliza dawa twaiweka wapi. Nilipomweleza, akaniambia kwamba mwili ule hautastahimili mara nyingine kama hii.

Ndipo nikaanza kutafuta sola. Weh, Kaka, ungekuwepo ungenicheka! Duka la kwanza mjini walitaka kuniuzia mtambo wa kuwasha nyumba nzima, pasi, televisheni na pampu ya kisima, na sisi kisima chetu ni ndoo na kamba. Duka la pili wakanipa betri ya gari, bei ya kuchekesha, nikakumbuka kwamba rahisi ghali. Mwisho nikampata fundi mmoja wa Jilore, Kahindi, kijana mpole mwenye kucheka polepole. Aliniuliza swali moja tu: katika nyumba yenu, ni kitu gani kikizimika mtu anaumia? Nikamjibu, friji. Akasema basi tununue ya friji. Tukachagua friji ndogo isiyokula moto mwingi, na inveta, kile kigeuza umeme, ya kuhimili ule mshtuko friji inapojiwasha. Betri ikawa ya lithiamu, ndogo lakini ya kudumu, na paneli mbili. Kitakachobaki kitawasha taa mbili na feni ya Mama. Pasi tutaendelea na ya makaa.

Pikipiki yako ndiyo iliyonunua betri. Nisamehe. Kila nikiitazama betri pale ukutani naona kama imekaa na mguu mmoja chini, inakusubiri.

Ikabaki pa kuziweka paneli. Paa la mbele ni makuti, halibebi. Bati liko juu ya jikoni tu. Na juu ya bati la jikoni, asubuhi hadi adhuhuri, hulala kivuli cha mnazi wako.

Wajua ni mnazi gani nisemao. Mama alikizika kitovu chako akapanda nazi juu yake, na mkakua pamoja, nawe ukajivuna utoto wote kwamba ndugu yako ni mrefu kuliko wangu. Tangu uondoke, Mama hutandika mkeka wake chini yake baada ya alasiri. Humsikia nani hatujui, lakini huzungumza. "Athmani, leo joto." "Athmani, mchele umepanda tena." Mimi hupita kwa ncha za vidole nisimkatize.

Sasa niambie, mtu aliyeona hayo ataweza vipi kumwendea mamake amwambie mnazi ukatwe? Sikuweza. Nikamwambia Kahindi apunguze makuti tu, siku Mama alipokwenda kumtazama mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Akapanda, hao watu wa Jilore na minazi huwaambii kitu, akayashusha ya chini. Haikufaa. Kivuli cha yaliyosalia kiliendelea kutembea juu ya bati. Kahindi alinionyesha kwa mkono wake: alifunika pembe ya paneli kwa kiganja, na namba kwenye kile kipimo chake ikaanguka. Kuti moja latosha kuzilaza zote, akasema.

Nikamwambia, basi kata, kata upesi kabla Mama hajarudi. Akaniuliza mbona upesi. Nikamweleza. Kaka, alilaza shoka chini kama mtu anayelaza mtoto. "Mino sikati," akasema kwa lugha ya kwao, "mimi sikati; mnazi wa kitovu cha mtu haukatwi kwa kumficha mamake." Akabeba ngazi yake akaenda, paneli zikabaki zimeegemea ukuta.

Nilikuota baada ya hapo. Umeingia uani na gunia begani, barafu inadondoka tone tone na haipungui. Hukunisalimu. Ulikuwa unatafuta pa kulitua, unazunguka uani, unazunguka, na kila mahali pana kitu. Niliamka shingo inaniuma kana kwamba mimi ndiye niliyelibeba.

Na Mama, kumbe! Mama aliyesuka makuti tangu hajavunja ungo, sisi tulidhani hataiona mikato mibichi juu ya mnazi wa ua wake. Alisubiri nimalize kummiminia chai. Akaniambia, "Nyinyi mwadhani mwenye sukari ni kipofu?" Nikaanza kulia, nikamweleza yote kwa mkupuo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza: "Mwanangu yuko kwa Mola wake. Huu ni mnazi. Nimezungumza nao kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Lakini mimi nataka kuishi, Rukia. Wataka nione haya kusema? Nataka kuishi."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Kahindi akarudi. Mama alifunga leso kiunoni, akachukua shoka, akasoma Bismillahi, akaugusa mnazi kipigo kimoja chepesi ambacho hakingemuumiza hata mgomba. Kisha akampa Kahindi shoka akaingia ndani. Hakutoka mpaka ardhi ilipotikisika.

Kahindi alikipasua kilele akatoa shaha, ule moyo mweupe wa mnazi. Wajua kwamba shaha huliwa mnazi ukifa tu. Mama alilikata vipande, sehemu kubwa akaipeleka sadaka madrasa kwa jina lako, na majirani wakapata, na Kahindi akapata, na mimi nikapewa changu mkononi. Kaka, lilikuwa tamu. Niliudhika kwamba ni tamu. Miaka yote tuliyocheza chini yake, utamu ule ulikuwa juu ya vichwa vyetu na hatukuwahi kuujua. Nilikula huku nalia, na nikaomba kipande cha pili.

Stima ilipotea jana, alasiri, paneli zikiwa tayari juu ya bati na feni za watu zikiwa mbioni. Mtaa mzima ukaguna. Mimi na Mama tulikuwa uani, tukatazamana, tukanyamaza tusikilize. Friji ikaendelea na wimbo wake. Mama aliinuka, akaenda akaufungua mlango wake, akaigusa chupa ya dawa kwa mgongo wa kidole, akaufunga. Akarudi mkekani kwake, palepale pa zamani, juani, akajifunika leso kichwani. Nilimwona amefurahi, na nilimwona amekukosa, yote mawili kwa pamoja usoni mwake.

Akamuuliza Kahindi, aliyekuwa juu ya bati akikaza misumari ya paneli, mbona hivi vioo umevilaza vimeinamia huku. Kahindi akamjibu kwamba kwetu hapa paneli huelekezwa kaskazini kidogo. Mama akageuka akautafuta upande huo, kisha akageuka tena akautafuta msikiti.

"Huko ni kibla," akasema. "Basi zimelala alivyolazwa mwanangu."

Na kweli, Kaka, hivyo ndivyo tulivyokulaza. Kwa ubavu wa kulia, uso huko huko.

Kahindi amenionya kwamba chumvi ya bahari na vumbi huzitia paneli upofu, zifutwe kila wiki kwa kitambaa cha maji matamu. Nimejichagulia Ijumaa. Nitapanda juu ya bati, nitazifuta uso, moja kisha nyingine, na nikiwa huko nitakusomea Fatiha, sote tukitazama upande mmoja. Mama nitamlinda. Gunia litue sasa, Kaka, na upumzike.

Mdogo wako,
Rukia