Mtihani wa Kuogesha Mtoto Juu ya Paa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Sisi tu wazima, na mjukuu wako Doudou ananyonya mpaka anatoka jasho. Mayai na sukari guru uliyoacha kwenye kizuizi cha kijiji nimepata, asante. Nakuandikia kwa mkono, na barua nitampa mwenye gari la chakula cha nguruwe, kwa sababu simu ya nyumba hii siku hizi ni mali ya chuo kikuu.

Wifi yangu Caixia alikuja kula mwaka mpya na begi dogo tu. Maradhi yakafunga barabara, vitabu vyake vya uuguzi vikabaki bwenini. Chuo kikatuma ujumbe kwamba kimejiandaa kikamilifu: masomo kwa simu, vitendo hospitalini. Hospitali yenyewe haipokei wanafunzi! Na mtandao hapa unashika juu ya paa tu, pale tunapoanika mahindi. Maskini anakaa huko na blanketi, sauti ya mwalimu inakatikakatika. Mama mkwe humwuliza kutoka uani, wee Caixia, hicho chuo chenu kina ukuu gani kama kushuka ngazi tu kinashindwa?

Wiki iliyopita wakaleta jipya. Mtihani wa vitendo ufanyike nyumbani, mbele ya kamera: kumwogesha mtoto mchanga. Asiye na mtoto atumie mwanasesere. Tumtoe wapi, na kijiji kimefungwa? Caixia akajaribu na kabichi. Mwalimu akamwambia kabichi haina shingo, atafute kingine au arudie mwaka. Na baba mkwe alishaapa, Caixia akirudia mwaka anakwenda kushona viatu kiwandani na kaka yake, mume wangu. Caixia akalia, akanitazama. Mimi nikamtazama Doudou.

Mama mkwe akawaka, eti mjukuu wake si kabichi. Nilimbembeleza mpaka akachemsha maji mwenyewe, akapanda nayo huku analaani. Mara ya kwanza picha ikaganda, Doudou ana povu kichwani. Waanze upya. Mara ya pili sauti ikapotea. Waanze upya tena! Mimi nimekatazwa kutoka chumbani, namsikia mwanangu analia juu yangu, na Caixia anamjibu mwalimu.

Hapa nakuomba usikasirike, Mama. Mwezi wangu wa kukaa ndani baada ya kujifungua haujaisha, na uliniapisha kwa simu nisitoke kwenye upepo wala nisiguse maji baridi. Nilipanda. Nilijifunga shali yako kichwani, nikamnyonyesha akatulia, nikashika mwavuli kuzuia upepo, nikatia mkono kwenye beseni. Maji yalikuwa baridi. Mama mkwe akaongeza ya moto. Caixia akamwogesha vizuri, shingo kaishika kama yai, hadi mwisho.

Mwalimu akauliza, huyo mwenye mwavuli ni nani? Caixia akasema ni mama wa mtoto. Kimya. Tukadhani mtandao umekata tena. Kumbe anavuta pumzi! Akafoka, nani kamtoa mzazi wa majuzi kwenye upepo, mrudisheni ndani upesi! Yaani wao waliotupandisha paani ndio wanaotufokea.

Jana majibu yalitoka. Caixia amefaulu, ila amekatwa alama tano kwa kutomjali mzazi. Mama mkwe anasema hilo ndilo neno la kwanza la akili kutoka chuo kile, na tangu hapo mlango wangu anautia komeo.

Siumwi popote, Mama. Caixia ameahidi kwamba akiwa muuguzi, magoti yako atayatibu yeye, na mimi namwamini. Msalimie Baba, mwambie Doudou ana paji lake.

Ni mimi mwanao, niliye ndani na nimefunikwa vizuri,

Shuifen