Zamu ya Mzee Mutiso

Kwa Mzee Mutiso,
S.L.P. 61,
Kangundo.
Jumatatu, 9 Desemba 2024.

Mpendwa Shangazi Kavindu,

Pokea salamu kutoka huku kwetu milimani, ambako mvua imenyesha hadi kahawa inaiva kuliko mikono ya kuichuma. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokuwa ukikusumbua kwa ajili ya kuinua wagonjwa? Na baridi ya Edmonton imefika wapi? Onesmus wako bado anavaa soksi mbili mbili na kusema hasikii baridi? Nawaombea afya kila jioni, na Mumo naye huitikia amina kwa sauti ya kushtua kuku.

Sisi huku tu wazima. Ulinikataza kukuandikia habari za ndoa kwa simu, ukasema unataka karatasi ya kuweka chini ya mto. Basi hii hapa. Nimeandikia kwenye meza ya jikoni, kwa hivyo ukiona doa la mafuta usilishangae.

Shangazi, nimeolewa. Najua unajua, maana mahari ilipoliwa ulikuwa kwenye simu ukipiga vigelegele, lakini bado naandika sentensi hiyo kwa sababu napenda kuitazama. Nimeolewa na Mumo. Kila asubuhi kabla hajashuka Tala kwenye duka lake la mabati na misumari, hunipashia maji ya kuoga, akayaweka nje kwenye beseni na kuyafunika kwa sinia ili majani ya mti yasiingie. Nafungua mlango, naona lile sinia, na moyo wangu unafanya mambo ambayo wewe muuguzi ungetaka kuyapima.

Mama mkwe wangu, Mama Loise, amenipokea kama mtu aliyekuwa akiningoja dirishani. Wifi yangu Syombua, ambaye amemaliza kidato cha nne mwaka huu na hana mfupa wa haya mwilini, ameshavaa nusu ya nguo zangu. Kwa hao sina la kuomba zaidi.

Aliyekuwa akinikosesha usingizi ni baba mkwe, Mzee Mutiso. Tangu nifike hapa mwezi wa nane hakuwahi kunisemesha. Si kwamba alinikaripia. Alikuwa akiniona nikija na ndoo, anapitia upande wa zizi. Akitaka chai, alimwambia Mama, na Mama akaniambia mimi niliyesimama papo hapo nikiwa na birika mkononi. Mumo alinieleza kwamba hiyo ndiyo nthoni, heshima ya zamani ya Wakamba kati ya mzee na mke wa mwanawe, na kwamba baba yake alilelewa nayo na hajui kuiacha. Nilimwelewa kwa kichwa. Lakini wewe unajua nilivyokulia kule Lukenya katika vile vyumba vya wafanyakazi wa machimbo ya mawe, baba yangu na majirani wote tukila kwenye sufuria moja na kucheka ovyo. Mimi mtu asiponisemesha, najua amenichukia. Nilitaka aniite jina langu. Mara moja tu. Nilikuwa nikichuma kahawa nikiwaza vile atakavyosema, Mutheu, leta maji, na nitakavyokimbia.

Sasa nifike kwenye zawadi yako.

Lile katoni ulilotuma na rafiki yako wa kanisa lilifika salama, mashuka na yote. Ndani ya mashuka ndipo tulipokuta karata. Mumo alidhani ni dawa. Tulipofungua tukakuta ini limevaa miwani, figo mbili mapacha zimeshikana mikono, utumbo umejikunja unasoma gazeti, na makalio yamevaa kofia ya harusi. Shangazi, tulicheka hadi tukalala chini. Jumapili hiyo tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu tukiandika jina la Kiswahili juu ya kila karata, yeye akitaja, mimi nikiandika, na kila alipotaja kiungo alikigusa kwangu kuhakikisha. Kwenye kope tulichelewa sana. Hayo mengine nitakuambia ukija.

Sheria unazijua, lakini nakukumbusha, maana bila hizo hutaelewa aibu yangu. Kila mmoja anajenga mtu mzima kwa karata. Ukikosa kiungo, unamtazama mwenzako machoni, unamwita jina na kukiomba. Akiwa nacho atoe. Akikosa, lazima akiri kwa sauti kwamba hana, kisha zamu inakuwa yake.

Alhamisi tulikuwa tukichuma kahawa mvua ikatufukuza. Mumo alikuwa amefunga duka mapema. Tukajaa sebuleni kwa Mama, nguo zikitoa mvuke, nikaleta karata. Mzee alikuwa nje kwenye baraza kama kawaida yake, lakini upepo ulirusha mvua hadi kwenye kiti chake, ikabidi aingie. Akakaa karibu na mlango, ametugeuzia ubavu, na redio yake ndogo sikioni.

Mama Loise, ambaye kanisani huongoza akina mama na hajawahi kushika karata maishani, alikataa kucheza. Baada ya zamu mbili akasema anashika tu za mtu aliyechoka. Baada ya zamu nne alikuwa amekunja mikono ya sweta.

"Mumo," akasema, amemkazia macho, "naomba ubongo."

Mumo akakagua karata zake akaona aibu. "Sina ubongo, Mama."

"Hilo mwalimu wako alituambia darasa la pili," akasema Mama, na Syombua akaanguka kutoka kwenye kochi.

Syombua mwenyewe aliokota ile karata ya kwikwi, ikabidi afanye kwikwi kabla ya kila neno, na Mama akamwambia afanye vizuri asiharibu mchezo. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandikeje. Nilimtazama Mumo akicheka na mama yake nikasema moyoni, Mungu, kumbe hii ndiyo familia yangu.

Mimi nilikuwa nimekosa viungo viwili tu. Karata zangu nilizitandaza magotini nikawa nazipanga, kichwa chini. Wakati huo Mama alisikia maharagwe yakiungua. Akainuka haraka, na kwa kuwa hamwamini Syombua hata kidogo, akampokeza Mzee karata zake na kumwambia, "Nishikie hizi hapa, wasiniibie." Na ili Syombua asichungulie, Mzee akasogea, akakaa kwenye kiti cha Mama, mkabala na mimi.

Mimi sikuona. Redio ilikuwa imezimwa na sikugundua. Nilijua tu kwamba Mama alikuwa na kile nilichokitaka, maana nilikuwa nimemwona akikificha. Nikainua kichwa na kinywa kwa pamoja, na kabla macho hayajakiambia kinywa kinyamaze, nikawa nimeshasema:

"Naomba makalio yako."

Nilikuwa nikimtazama baba mkwe wangu machoni.

Shangazi, mvua iliendelea kunyesha. Hicho ndicho kitu pekee kilichoendelea. Syombua hata kwikwi iliisha. Mzee alinitazama mimi, akazitazama karata, akashusha mkono polepole pembeni ya kiti, kisha akainuka, akaweka karata mezani zikiwa zimefunikwa, akavaa kofia, akatoka kwenye ile mvua kuelekea zizini.

Nililia, sikufichi. Nilikimbilia jikoni nikamlilia Mama Loise begani nikimwambia nimevunja heshima ya nyumba. Mama alikuwa akitetemeka, nikadhani naye analia. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka, na alipoona hajiwezi alinipa kitunguu nikikate ili machozi yawe na sababu. Kisha akarudi sebuleni, akazifunika karata za kila mtu kwa sinia, pale pale zilipokuwa.

"Mchezo haujaisha," akasema. "Mzee hajajibu."

Ijumaa Mzee hakuonekana mchana kutwa. Jumamosi akapita upande wa zizi kama kawaida, lakini mara hii alikuwa akivuta mbuzi, yule beberu mweupe. Syombua akaniambia atachinjwa Jumapili, na kwamba zamani aliyevunja nthoni alitozwa mbuzi. "Huyo ni wako, wifi," akasema. "Wape watu wa kwenu habari." Alikuwa anatania, ninajua sasa. Wakati huo mimi nilikuwa tayari namwona baba yangu Reuben akipanda huku milimani na mbuzi wa faini, kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimuuliza Mumo kama ni kweli. Akasema hajui, akanikumbatia, na nikaona ameuma kucha, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya harusi.

Jana tulitoka kanisani tukakuta moshi nyuma ya nyumba. Katika boma hili, kama kwa wengi, mbuzi hagawanywi ovyo. Kichwa kina mwenyewe, mbavu zina wenyewe, na figo ni za binti wa nyumba. Syombua amekula figo peke yake tangu aote meno, na hilo hujivunia kama shahada. Wanaume huchoma, kisha mtoto hutumwa na sahani. Sisi wanawake tulikaa sebuleni tukingoja.

Hakutumwa mtoto. Mlango ulifunguliwa akaingia Mzee Mutiso mwenyewe, sahani mkononi. Akaiweka mezani. Akainua sinia, akachukua zile karata alizoziacha Alhamisi, akakaa kwenye kile kiti cha Mama, akavaa miwani, akazipitia moja moja. Alichukua muda wake wote. Mama Loise alikuwa akitazama dari.

"Mutheu," akasema.

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mwingine.

"Uliniomba makalio," akasema, kwa sauti ile ile anayosomea Zaburi. "Nimeangalia. Sina." Akaisukuma sahani kuja kwangu kwa kidole kimoja. "Lakini niko na figo."

Figo ilikuwa moja kwenye sahani, na chumvi pembeni. Syombua akachungulia sahani. "Na yangu je, Baba?"

"Iko jikoni. Mbuzi alipewa mbili. Alijua nyumba inaweza kupata msichana mwingine."

Niliipokea sahani kwa mikono miwili, nimepiga goti bila kupanga. Nilikula mbele ya wote. Ndani haikuwa imeiva vizuri na chumvi ilizidi, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo tangu nizaliwe. Mumo alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kukatia nyama mkononi, akijifanya moshi umemwingia machoni.

Nilidhani yamekwisha. Mzee hakuinuka. Akapanga karata zake.

"Sheria inasema sasa ni zamu yangu, ama?" akamuuliza Syombua. Syombua akatikisa kichwa kukubali. Basi akanigeukia mimi, akanitazama machoni, wala si upande.

"Mutheu, mwiitu wakwa," akasema, yaani msichana wangu. "Naomba ubongo."

Nikazitazama zangu. Na hivi ndivyo ilivyokuja kuwa, Shangazi, kwamba maneno ya kwanza niliyomjibu baba mkwe wangu katika maisha yangu yalikuwa haya:

"Baba, sina ubongo."

"Si kitu," akasema. "Hata Mumo hana, na tumemlisha miaka hii yote."

Alicheka, Shangazi. Ana kicheko chembamba cha kushangaza, kama mlango wa ghala. Mama Loise aliniambia baadaye kwamba alikuwa hajakisikia sebuleni tangu walipomwoza binti yao mkubwa, kabla Syombua hajazaliwa. Tulicheza hadi nyama ikapoa, na Mzee akashinda, maana ana uso usiosema kitu.

Leo asubuhi nilipokuwa nikipita na ndoo hakukata kona kwenda zizini. Alisimama, akasema mvua ni nyingi, nikasema ni nyingi kweli, akaenda zake. Ni hayo tu. Nimeyabeba siku nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Nakushukuru, Shangazi. Najua ulizinunua kwa mzaha ili tucheke mimi na Mumo. Hukujua unanitumia baba. Nilipokuwa mdogo ulinishonea sare ya shule kwa kitambaa cha pazia lako, nikadhani hutawahi kunipa kitu kikubwa kuliko hicho. Sasa sijui nikuweke wapi katika shukrani zangu.

Mumo anakusalimu sana na kusema akipata mtoto wa kike ataitwa Kavindu, na mimi sijasema ndiyo wala hapana, lakini nimetabasamu. Mama Loise anakusalimu na kuuliza kama kuna karata nyingine za kucheza na akina mama wa kanisa, zisizo na yale ya kofia. Syombua anaomba viatu. Baba yangu Reuben ni mzima na anacheka hadithi hii kwa simu kila jioni. Nisalimie Onesmus, umwambie avae soksi tatu.

Mungu aliyeunganisha viungo vyote hivyo bila kukosea hata kimoja akulinde mgongo, akupe zamu nyepesi, na akurudishe kwetu tukushike mikono.

Wako akupendaye kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba,
Mutheu.

Nimesahau. Jana jioni tulipokusanya karata, moja ilikosekana. Tulitafuta chini ya kochi na ndani ya sinia. Mwishowe Mama Loise alinyanyua mto wa kile kiti alichokalia Mzee, na tukaikuta imejibana hapo tangu Alhamisi, kofia yake imekunjika. Makalio. Alikuwa nayo, Shangazi. Aliikalia. Tumeapa wanawake wote watatu kwamba hatutamwambia kamwe.