Kengele ya Kura

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba kikohozi cha kitindamimba kimepungua. Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni utayasoma.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nile kiapo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume themanini na wanne. Bawabu bado huniuliza namsubiri mheshimiwa gani. Wenzangu huniita "binti yetu", na mvi zangu unazijua. Choo changu ni kile cha wapishi, ng'ambo ya ua, kwa kuwa waliojenga Bunge hawakuwaza kwamba mwanamke angeingia humo na kukaa. Spika aliniomba nivumilie, nami nikajikaza kisabuni.

Juma lililopita ulifika muswada wetu, ule wa kuwakataza ndugu wa marehemu kumtoa mjane nyumbani kwake. Wewe walikutoa na watoto watatu kabla udongo wa kaburi la shemeji haujakauka. Ulipanda nami jukwaani ukayasema hayo kwa kinywa chako, ukalia mbele za watu, wakanipa kura. Bila machozi yale nisingefika huku.

Wakati wa kupiga kura, kengele hulia dakika tatu, kisha milango hufungwa. Ilipolia nilikuwa nimeenda chooni. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa. Kura zikalingana, arobaini na mbili kwa arobaini na mbili, na kwa kanuni zetu zikilingana muswada umekufa.

Magazeti yakaandika habari za choo. Wanawake wakaandamana. Spika akaomba radhi, na sasa mafundi wananijengea choo karibu na ukumbi. Barua yako nayo ikafika, umejaa hasira kwa ajili yangu, unasema wamenifungia mlango kama ulivyofungiwa wewe.

Dada, kengele niliisikia. Nilikuwa nimeshatoka, nimesimama penye bomba nje ya jiko. Dakika tatu zinatosha kuuvuka ua ule mara mbili. Asubuhi hiyo mwenyekiti wa chama alikuwa ameniambia kwamba atakayeunga mkono muswada asahau kuteuliwa tena. Nikajidanganya kuwa nikidumu nitawafaa wengi baadaye. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilifungua bomba nikanawa mikono upya, taratibu. Mpishi mmoja alichungulia akaniambia, mama, kengele hiyo. Nikamjibu nimeisikia.

Maji yakimwagika hayazoleki, na sikuandikii ili unisamehe. Nimeshindwa tu kuendelea kupokea huruma yako.

Wasalimie watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Ijumaa choo kinazinduliwa. Chama kimekutumia nauli, kinataka usimame kando yangu tupigwe picha. Walipouliza kama utakubali, nilisema ndiyo. Hata hilo nilishindwa kulikataa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwombea kura.