Timu ya Umbilo Msimu Huu

Umbilo, Durban

Yaya Hardy, kaka yangu mkubwa,

Najua baridi ya Kanada inakubana, basi nikupashe moto kidogo. Jumamosi ligi yetu ya futiboli ya Kiamerika inaanza tena, ile ya kwenye kompyuta: mashine ndiyo inacheza, sisi kazi yetu kelele. Nakuandikia hali ya kundi letu kwa sababu simu hupokei, hata ya mke wako.

Pinetown ya Honoré itashika mkia. Amejaza wazee ambao hata kompyuta inawaonea huruma. Cato Manor ya Marie-Claire iko na walinzi wakali, lakini mwenyewe anapanga timu huku anasuka watu saluni, na kila mara anasahau mchezaji nje. Timu yangu ni ya kawaida, sitakudanganya.

Ya kuogopwa ni Umbilo, timu yako. Eish, yaya! Ulipoacha kuingia tulimpa mke wako Laetitia, tukamcheka. Sasa anatuchapa wote kwenye mechi za kujipima.

Unakumbuka desturi yetu: mrusha mpira anabeba jina la mwanaume wa nyumba. Huyo "Hardy" wako alikuwa anaanguka kabla hajaguswa. Laetitia amemfuta. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta, nikamwambia, "Ngoja, mwenyewe atarudi."

Akajibu, "Nimengoja ya kutosha. Andika jina lako, Peguy."

Nikaandika.

Watoto wako ni wazima. Zamani walikuwa wananiita baba mdogo. Hilo "mdogo" wameshaliacha.

Vaa vizuri huko,
Peguy