Aliyepiga Makofi Katikati ya Kimya

Mpwa wangu mpenzi,

Mimi ni mzima, na tangu lile onyesho lako hapa mtaani naitwa Profesa, maana nimewaeleza kwamba ule muziki wa ukame tuliutunga wawili, wewe ukaandika tu. Si uongo. Vile vipimo vya visima alikupa nani? Kisima changu cha kwanza nilikuta maji kwenye pima sita, cha mwaka juzi pima ishirini, na ndivyo yule dada wa fidla kubwa alivyokuwa akishuka, pima kwa pima, mpaka pakawa pakavu na wapigaji wote wanne wakanyamaza.

Mama yako ananiambia unataka kukifuta kile kimya kabla ya onyesho la ugenini, kwa sababu kuna mshamba alipiga makofi katikati. Eti ulimwambia, "Hakikuwafikia watu." Usikifute, mwanangu. Tangu tuchimbe mitaro ya kukinga maji ya mvua yazame ardhini kule mlimani, maji yamepanda pima mbili. Bila kile kimya, nani atayafurahia yale matone ya maji uliyowapa wapigaji wamalizie muziki kwa nyuzi zao?

Tena nikwambie jambo. Chini ya kisima, walio juu wakinyamaza, mchimbaji hupiga makofi wamjibu, ajue hajaachwa peke yake. Mimi husimulia kila mahali kwamba sijawahi kupiga.

Yule mshamba ni mimi. Kimya chako kilinifikisha chini kabisa, nikaogopa.

Mjomba wako,
mchimba visima